Nilisoma Peponi kwenye barza ya Kamalondo



Siku ya Mungu, saa kumi na moja ya magaribi, kama Mazembe haichezi pale stade, Kamalondo inatulia. Inatulia, sisemi inanyamaza. Muziki wa bar ya jirani uko, na watoto wanacheza mpira mu avenyu, goli ni mawe mawili. Lakini mukati ya lupango yetu mutu anaweza kuvuta kiti mupaka kwenye barza, akasikia maji ya chai inachemka juu ya mbabula. Sombe iko inaiva tangu saa nane. Bitoyo zililoweshwa asubui ili chumvi itoke. Nikiwa na kitabu saa ile, siombi kitu kingine. Umeme ukikatika, nasoma na torshi ya telefone mupaka betri inakataa.

Kitabu ni Peponi, ya Abdulrazak Gurnah. Nimekisoma mara tatu sasa: mara moja mu Kifaransa, kitabu cha kuazima, na mara mbili mu Kiswahili. Ni riwaya ninayopenda kupita zote, na ni hiyo hiyo yenye imeniharibia kidogo raha ya ile barza. Njo maana naandika.

Kwa wenye hawamujui: Gurnah ni mutu wa Zanzibar mwenye anaishi Uingereza, na alipata tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Riwaya hii aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994. Watu wake wote wanaishi mu Kiswahili, lakini kitabu kilingoja mupaka 2022 ndipo Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ikatoa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Miaka 28, lugha inangoja kitabu chake. Cha kwangu kiliingia na baba mudogo mwenye anafanya biashara ya Dar. Kilipita njia ile ile ya matelasi na vigae: Tunduma, Zambia, Kasumbalesa. Aliponipa alisema, «Umesoma yote ile juu ya kulima mihogo, na sasa unasoma hadisi?»

Niseme ukweli, Kiswahili chake haiko chetu. Siye tulioandika memwari mu Kifaransa, ukitupa ukurasa mumoja wa Kiswahili sanifu tunajikwaa sawa mutu mwenye kuvaa viatu vya kaka yake. Nilisoma na kamusi pembeni. Na mu hiyo kamusi, siku nikitafuta neno lingine kabisa, nikaangukia neno «yaya». Inasema: mutumishi wa kike mwenye kulea watoto. Nikacheka. Kwetu Lubumbashi yaya ni mukubwa wako, awe mwanaume ao mwanamuke, mutu wa heshima. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Nitarudi pale.

Hadisi yenyewe. Yusufu ana miaka kumi na mbili, anaishi na wazazi mu muji mudogo, Kawa, mwenye baba yake anaendesha hoteli isiyo na bahati. Mara kwa mara anapita tajiri mumoja wa safari, Aziz, mwenye mutoto anamuita kwa jina la ujamaa, kama ndugu wa wazazi. Aziz akija, nyumba inabadilika. Mama anapika vitu vyenye havipikwi siku zingine, harufu inajaa, na mutoto anajua masalio ni yake. Kisha Aziz akiondoka anamutilia feza mukononi. Kwa hiyo Yusufu anapenda siku za Aziz. Nani hangezipenda?

Gurnah anaiandika ile furaha bila kuiharibu mapema. Mara ya kwanza nilisoma nikimeza mate. Mara ya pili nilielewa: karamu ile, ni mudaiwa anamupikia mudai. Baba ana deni lenye hawezi kulipa. Siku moja wanamwambia mutoto atasafiri na Aziz, anapanda treni, anafikiri ni matembezi. Akifika pwani, anawekwa kwenye duka pamoja na kijana mwingine, Khalil, na Khalil njo anamufungua macho: huyu haiko ndugu yako. Baba yako anadaiwa. Weye ni rehani.

Hapa kwetu ukibanwa na feza unaenda kwa Banki Lambert, unaacha telefone ao televizio. Kule waliacha mutoto. Na hakuna mutu alisema neno baya. Hakuna kelele, hakuna kamba. Ni heshima tu, salamu, sala, na chakula kizuri. Sijasoma mwandishi mwingine mwenye anaonyesha vile ubaya unaweza kuketi mezani na adabu yake yote, akanawa mikono kama wengine.

Sasa bustani. Bandugu wa agronomi, hapa muvumilie, juu mimi kitabu hiki nilikishika hasa kwa ajili ya bustani.

Nyuma ya duka, mukati ya ukuta, tajiri ana bustani iliyogawanywa sehemu ine. Katikati kuna bwawa, na mifereji inatoka pale kuelekea pande ine. Kuna michungwa, mikomamanga, hina, yasmini. Mu Kifaransa yale majina yalinirudisha kwenye kozi ya botanike, herbarium na karatasi zake. Mu Kiswahili nilisikia harufu. Mupango ule ni wa zamani sana, umetoka Uajemi, na waislamu wanaona ndani yake mito ine ya peponi: maji, maziwa, divai, asali. Yusufu anaipenda ile bustani kuliko kitu chochote mu maisha yake mapya. Anatafuta kila sababu ya kuingia.

Lakini agronomu akiona bustani haulizi kwanza inaitwa nani. Anauliza: maji inatoka wapi, na nani anaibeba?

Tufanye hesabu yetu ya hapa. Lubumbashi mvua inakatika kuelekea mwezi wa ine, na inarudi kwa kweli mwezi wa kumi ao wa kumi na moja. Chukua kitalu kidogo cha lengalenga na matembele, meta mraba kumi, kile chenye kila lupango ya Kamalondo inaweza kuwa nacho nyuma ya jiko. Mu kiangazi kinataka karibu litre tano kwa meta moja kwa siku. Hiyo ni litre 50. Ndoo ya litre 20, ni ndoo mbili na nusu kila siku. Zidisha kwa siku 150: ndoo 375. Juu ya majani ya kula tu. Sasa fikiri bustani yenye bwawa.

Mu Peponi ile kazi iko na jina lake, Mzee Hamdani. Anafika asubui, hasemi na mutu, anatengeneza mifereji, anakata matawi, anakaa kivulini na kasida zake. Polepole anamuacha Yusufu amusaidie. Na juu ya miti kuna vioo vimetundikwa. Bibi wa nyumba, mwenye ana alama usoni na hatoki inje, anaangalia bustani kupitia vile vioo. Nilipofika pale niliweka kitabu chini. Mutu mumoja anamwagilia bila kufurahia, mwingine anafurahia bila kuigusa, na mwenye bustani mwenyewe yuko safarini. Hiyo njo nyumba nzima mu picha moja, na Gurnah haiongezei maelezo.

Nirudi kwa yaya.

Ndoo 375 za kwetu hazikubebwa na mimi. Nikiwa na miaka karibu sita, baba alirudi safari na musichana wa miaka kumi na moja hivi. Walituambia ni mutoto wa ndugu, mambo imekuwa ngumu kwao, atasoma kwetu. Tukamuita yaya. Alisoma kweli, miaka miwili. Kisha mudogo wangu akazaliwa, mama akarudi sokoni, na mwaka ule «ataendelea mwaka ujao». Mwaka ujao haukufika. Yaya njo aliwasha mbabula kabla siye hatujaamuka. Yaya njo alitwanga sombe. Ile harufu ninayoiita harufu ya nyumbani, ni kazi yake.

Na kilimo changu pia. Kitalu cha nyuma ya jiko alikianza yeye. Alikuwa anakusanya majivu ya mbabula, anachanganya na udongo wiki moja mbele ya kupanda. Nilimuuliza juu ya nini, akajibu, «Udongo wa huku ni mukali. Majivu inautuliza.» Miaka kumi na mbili nyuma, mu oditoire, mwalimu akatuelezea udongo mwekundu wa Katanga, asidi yake, alumini yenye inachoma mizizi, na chokaa ao majivu vile inapandisha pH. Niliandika yote, nikapata pointi. Kujua kwamba nilikuwa nimeshafundishwa, na mutu mwenye hakumaliza primere, ilinichukua miaka mingine.

Nisieleweke vibaya. Yaya hakupigwa. Alikula chenye tulikula, sahani moja na siye. Alipoolewa, mama alimutolea vyombo na vitambaa, alilia kuliko wote. Nilipomuuliza mama hivi karibuni kama yaya alilipwa, aliniangalia kama nimetukana. «Tulimulea,» alisema. Na ni kweli. Aziz pia angesema vile, neno kwa neno. Pale njo kitabu kinaniumiza: haiko kwamba wazazi wangu ni Aziz, hawako matajiri na hawakumudai mutu. Ni kwamba neno la ujamaa lilifanya kazi moja kule na huku. Lilituzuia kuhesabu.

Yaya anaishi Katuba sasa, anauza makala na mboga, ana watoto watatu. Kuanzia mwezi wa tano, siku ya Mungu ingine ninaenda kwake na Peponi, ninamusomea. Nilifikiri nitalazimika kumutafsiria. Ikawa kinyume. Yeye anasoma Biblia ya Kiswahili kila siku, na maneno yenye mimi nafungulia kamusi yeye anayajua. Anachagua maharagwe, mimi ninasoma, akinisikia nimetamka vibaya ananirudisha.

Kuna sehemu yenye wasomaji wengi wanaipenda, na mimi nilikuwa mumoja wao. Mzee Hamdani ni mutumwa, alitolewa kwa bibi kama zawadi ya arusi. Baadaye wakamwambia yuko huru, aende. Akakataa. Kwa maneno yake machache anaeleza ya kuwa uhuru haiko kitu chenye wao wanaweza kumupa, kwa hiyo hawawezi kumunyanganya pia. Mara ya kwanza niliipigia mustari na kalamu. Niliona falsafa, niliona mutu mwenye moyo wake haukuguswa na minyororo. Nilipomusomea yaya, aliinua kichwa.

«Anasema muzuri,» akasema. «Lakini akitoka pale, atalala wapi?»

Nikanyamaza.

«Batu benye hawana fasi ya kwenda, banasemaka muzuri sana,» akaongeza, akarudi kwa maharagwe yake.

Nilisoma ile sehemu tena usiku, peke yangu, na ninafikiri yaya ameona kitu chenye wasomi wa Nobel wanaweza kupita juu yake. Hamdani hana uongo, neno lake ni kweli. Lakini mutu anaweza kusema neno la kweli na likawa pia blanketi. Hana kwao. Khalil hana kwao. Yusufu, hata akirudishwa Kawa, atakuta nini? Nyumba ya mwingine imekuwa nyumba yao, na vitu vidogo vyenye wanapenda, kivuli, chai, hadisi za usiku mbele ya duka, wanavipenda kweli. Gurnah hasemi ile mapenzi ni ya uongo. Mwandishi mudogo angesema. Yeye anaacha mapenzi na rehani vikae chumba kimoja, na msomaji ashike vyote viwili. Hata Amina, mwenye anaishi ndani kabisa ya ile nyumba, anapoongea na Yusufu tunaona bustani ile ile kutoka upande mwingine, na haiko pepo tena.

Sasa lawama yangu, juu sitaki munione kama mutu wa kusifu tu.

Katikati ya kitabu Aziz anachukua Yusufu kwa safari ya biashara, mbali, mupaka ng'ambo ya ziwa Tanganyika, mu inchi ya Marungu, kwa mutawala anaitwa Chatu. Marungu, bandugu! Upande wa Moba, pale bibi muzaa mama alizaliwa, sehemu yenye ilikuwa Katanga mupaka walipokata mikoa mwaka 2015. Nilisoma nikitetemeka kwa furaha: tumeingia mu kitabu cha Nobel.

Tumeingia kama hofu. Kuna ugonjwa, mashambulizi ya usiku, mali inakamatwa, watu wanakufa, mupaka muzungu anafika na kulazimisha mali irudishwe. Ni kweli Chatu anapewa nafasi ya kujieleza, na maneno yake yana uzito: wafanyabiashara walishapita kwake mbele, akaumizwa. Hiyo ni haki, na ninamushukuru Gurnah. Ni kweli pia kwamba tunaona kwa macho ya msafara, na msafara uliogopa. Lakini angalia: pwani ina jiko, duka, bustani, barza. Ule muji wa chini ya mulima, kwa Hamid Suleiman, una meza na mabishano mazuri na Kalasinga, yule Singasinga mwenye anachekesha. Marungu ina nini? Yusufu anawekwa mateka kwenye uwanja wa Chatu siku nyingi, na binti mumoja, Bati, anamukaribia kwa wema. Mulango ulikuwa wazi pale. Bati anapika nini? Mu ule uwanja, jioni, mutu anavuta kiti chake wapi? Bibi alikuwa anatuhadisia baridi ya milima ya kule, maharagwe, moto wa kuni mukati ya nyumba na watu wanaota mikono. Mwandishi mwenye alinifundisha kusikia harufu ya jiko la Kawa, alipofika kwetu alipita haraka.

Nilimwambia yaya ile lawama. Alisema labda ule mutoto alikuwa anaogopa sana, na mutu mwenye anaogopa hasikii harufu. Inawezekana. Alipofika Kamalondo mara ya kwanza, alisema, wiki mbili nzima hakusikia utamu wa chakula, na mama alifikiri anadharau. Hiyo sikuijua. Miaka zaidi ya ishirini tunajuana, na ni kitabu kilitoa ile neno.

Kwa hiyo lawama yangu naiacha pale, nusu.

Wenye wanataka kukisoma: anzeni na Kiswahili hata kama kinasumbua, msianze na Kifaransa. Kurasa ishirini za kwanza ni ngumu, kisha sikio linazoea. Na musikisome haraka. Mimi hasira yangu na mwisho wa kitabu ilikuwa kubwa mara ya kwanza, leo imepungua, lakini ule mwisho siusemi hapa. Sababu ni moja tu. Na yaya tuko pale Yusufu amerudi kutoka safari, amekuwa kijana, na anasimama tena kwenye mulango wa bustani. Maharagwe ilikuwa imeanza kuchemka, akaniambia nifunge. Akachukua karatasi ya mufuko wa makala, akaipasua kipande, akaweka mu ukurasa mwenyewe ili nisiende mbele bila yeye. Siku ya Mungu ijayo kuna mechi, njia ya stade itajaa watu, nitapita mapema.